Nyumba ya Udongo na Mshahara wa Mjenzi



Katika mkutano wa tawi letu, ndugu mmoja wa kiwanda cha chai aliuliza swali. Tumesikia kwamba hifadhi ya msitu inayopakana na shamba letu itajengewa kituo cha wageni, tena kwa njia isiyoharibu mazingira. Akasema: hayo yanatuhusu nini sisi? Watalii watakuja, watapiga picha, wataondoka. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Uko mfano huko Afrika ya Kusini. Mahali inapokutana mito Limpopo na Shashe, mpakani mwa Botswana na Zimbabwe, ipo Hifadhi ya Taifa ya Mapungubwe. Hapo palikuwa na ufalme wa Waafrika katika karne ya 13, uliofanya biashara ya dhahabu hadi pwani ya Bahari ya Hindi. Mwaka 2009 kilikamilika kituo cha wageni kilichochorwa na Peter Rich, na mwaka huo huo kikapewa tuzo ya jengo bora la dunia kule Barcelona. Mapaa yake ni ya udongo.

Si udongo wa kukandika. Ni udongo wa mahali pale, umechekechwa, ukachanganywa na saruji kidogo, ukabanwa kwa mashine ya mkono kuwa vigae vyembamba. Havikuchomwa. Vilitengenezwa vigae 200,000 hivi, na waliovitengeneza ni wenyeji wasiokuwa na kazi, waliofundishwa palepale. Ujuzi wa kuviunganisha ni wa kale, wa mafundi wa Katalunya huko Hispania. Mimi niliishia darasa la saba, lakini jambo hili nilieleweshwa nikalielewa. Ukipanga mawe kwa mstari ulionyooka juu ya mlango, yataanguka. Ukiyapanga kwa upinde, kila jiwe linalisukuma jirani yake, na uzito unashuka mpaka ardhini. Udongo ukibanwa huvumilia, ukivutwa hukatika. Kwa hiyo paa la upinde halihitaji nondo nyingi kama zege bapa. Tena paa zito namna hiyo huzuia joto la bonde la Limpopo, ambalo si mchezo.

Ujana wangu nilibeba matofali ya tanuru. Najua tanuru moja linakula kuni kiasi gani. Mlima mzima wa mikaratusi unaingia motoni, na mwaka unaofuata akina mama wanatembea mbali zaidi kutafuta kuni za kupikia. Kigae kisichochomwa hakidai mti hata mmoja.

Lakini liko jambo kubwa kuliko kuni. Ukijenga kwa chuma na vioo kutoka ng'ambo, fedha zinakwenda ng'ambo. Ukijenga kwa udongo uliopo, sehemu kubwa ya fedha hulipwa mikono. Hapo ndipo linapotuhusu, na hapo ndipo ninapotaka tufumbue macho.

Maana mikono hiyo inaweza kulipwa kidogo kwa kisingizio cha kuwasaidia maskini. Kituo cha Mapungubwe kilijengwa chini ya mpango wa kupunguza umaskini. Kiasi walicholipwa watengeneza vigae sitakitaja. Lakini tazameni sheria ya nchi hiyo: kima cha chini cha mshahara kilipoanza Januari 2019 kilikuwa randi 20 kwa saa, na walio katika mpango wa serikali wa kazi za umma wakawekewa randi 11. Jua ni lile lile, jasho ni lile lile. Hoja ni kwamba wanapata mafunzo. Haya, mafunzo ni mazuri. Lakini mafunzo hayanunui unga!

Nasi tunayafahamu maneno haya. Katika shamba moja nililowahi kufanya kazi, vibarua wa kujenga kambi waliambiwa wao ni "wanafunzi". Miezi minane wakawa wanafunzi, hakuna aliyepewa karatasi.

Kwa hiyo sipingi kituo cha udongo, nakitaka. Nataka hifadhi na mkandarasi wakae nasi kabla udongo haujachimbwa. Kiwango kisipungue kile cha kibarua wa ujenzi mjini. Atakayechekecha udongo apewe kitambaa cha pua, na atakayeshika saruji apewe glavu, kwani saruji inakula ngozi. Kila aliyefundishwa apewe cheti chenye jina lake. Na mashine za kubana vigae zibaki kwa wenyeji kazi ikiisha, tuzitumie kujenga nyumba za kambi, ambazo mabati yake mchana ni tanuru jingine.

Ndugu wa matawi yaliyo karibu na hifadhi, andikeni majina ya mafundi waashi mlio nao, wake kwa waume, myalete ofisi ya chama. Mkandarasi akija asituambie hakuwapata.