Imeharibika, Imeharibiwa, Imeniharibikia

Chai ilimwagikia kompyuta yangu mpakato mwaka 2024, mjini Goma, siku mbili baada ya kurudi kutoka kambi ya Bulengo nilikokuwa nikiwarekodi wazee wa Masisi wanaosema Kihunde. Humo mlikuwa pia na saa kadhaa za Kinyanga cha Walikale. Kompyuta ilikuwa na miezi saba, na karatasi ya dhamana ya mwaka mmoja nilikuwa nimeitunza kama cheti cha ubatizo.

Kijana wa dukani aliniuliza: "Imeharibika ao imeharibiwa?" Nusura nicheke, maana swali hilo tulilifanyia mtihani mwaka wa pili. Nikajibu: "Imeniharibikia, ndugu yangu." Akafungua mfuniko wa chini, akanionyesha kibandiko kidogo kilichokuwa cheupe, sasa chekundu. Viwanda huviweka vibandiko hivyo ndani ili vitoe ushahidi wa majimaji. Mazungumzo yakaishia hapo.

Kijana hakunionea. Dhamana ya kawaida inajua umbo moja tu la kitenzi: imeharibika, yaani kasoro ilitoka kiwandani. Chai, kuanguka, umeme uliopanda ghafla, vyote huhesabiwa kuwa imeharibiwa. Kiambishi chetu cha -i-, kinachosema kwamba jambo limenipata bila kulitaka, hakina kifungu katika karatasi ile. Kina bidhaa yake, ulinzi wa ajali, unaouzwa kando na mara nyingi kwa nchi maalumu tu. Neno lenyewe linatupoteza. Kwa Kiswahili mtu akikuwekea dhamana, anasimama nawe siku ya shida. Hii inasimama na kiwanda. Na data hailindi kamwe, hata kosa likiwa la kiwanda.

Kosa langu kubwa halikuwa chai. Lilikuwa kubonyeza kitufe cha kuwashia mara tano usiku ule nione kama imepona. Fundi wa Birere alinigombeza kwa hilo: mashine iliyolowa huzimwa, huchomolewa umeme, na huachwa hadi ifunguliwe na kusafishwa kwa spiriti. Umeme ukipita kwenye maji ndipo ubao unapoungua. Aliitoa diski, akaichomeka kwenye mashine yake, na sauti za wazee zikasikika. Mwenzangu ana kompyuta nyembamba ambayo diski yake imelehemiwa kwenye ubao; yeye angelia.

Alipokuwa akilehemu nilitazama bati likiyeyuka. Bati huchimbwa Bisie, Walikale. Kapasita nyingine za ubao hutengenezwa kwa tantali, na Rubaya, Masisi, inakadiriwa kutoa takriban asilimia 15 ya tantali ya dunia. Sisemi kwamba kwa hiyo tutengenezewe bure. Ila inauma kwamba karatasi ya dhamana niliyopewa haikuwa na neno moja la Kiswahili, licha ya lugha za Rubaya au Bisie.

Mapema mwaka 2025 kambi zilizozunguka Goma zilivunjwa na watu wakatawanyika. Mzee aliyenisimulia kwa saa mbili simjui aliko. Siwezi kumrekodi tena.

Idara zetu hututuma nyanjani na barua ya utambulisho na fomu ya ridhaa, lakini hakuna anayeuliza nakala ya pili iko wapi. Naomba iulizwe, kwa maandishi, kabla ya nauli kutolewa: nakala itawekwa wapi jioni ileile, diski inatoka au haitoki, dhamana inatambulika Kongo au la, na fedha za fundi zimo kwenye bajeti au hazimo. Na darasa la tafsiri, badala ya kupewa tena hotuba ya waziri, lipewe karatasi moja ya dhamana.

Kompyuta yangu inafanya kazi. Kitufe cha N bado kinanata, na kwa anayenukuu Kinyanga hilo si jambo dogo.