Uso Mweusi Hauhitaji Wati Zaidi

Katika studio ndogo za Thika na Ruiru, zinakopigwa video za nyimbo za injili, mahojiano na matangazo ya biashara, ipo imani ambayo fundi humrithisha fundi: ngozi nyeusi humeza mwanga, basi iongezewe taa. Mteja akilalamika kwamba uso wake haukutoka vizuri, hununuliwa paneli ya LED yenye wati nyingi zaidi. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, lakini dawa inayotolewa si yake.

Ni kweli kwamba ngozi nyeusi hurudisha mwanga mchache kuliko nyeupe. Ila chumbani uso hauko peke yake. Nyuma ya mwimbaji mara nyingi pana ukuta mweupe. Ukiongeza wati, ukuta nao huzidi kung'aa, na kamera iliyoachiwa ijipimie mwanga yenyewe huipunguzia mwanga picha nzima. Uso hubaki na giza lile lile. Kosa ni mahali mwanga ulipoangukia, wala si uchache wake.

Kuna pia suala la mng'ao. Ngozi nyeusi huakisi taa kama maji ya Mto Chania yanavyoakisi mbingu. Taa ndogo kali huacha vidoa vyeupe kwenye paji na pua huku mashavu yakizama. Taa pana huacha mng'ao laini unaochora umbo zima la uso. Ava Berkofsky, mpigapicha wa tamthilia ya Marekani ya Insecure iliyoanza mwaka 2016, alisifiwa kwa kazi ya namna hii: aliudundisha mwanga kwenye vitambaa na mbao nyeupe, akauzuia usifike ukutani, na waigizaji wakapakwa vipodozi vyenye kung'aa kidogo.

Hapo ndipo ilipo thamani ya paneli kubwa: upana wake. Kwa mfano, paneli ya ARRI SkyPanel S60, iliyotoka mwaka 2015, ina uso wa mwanga wa takriban sentimita 65 kwa 30. Ikikaa mita 1 kutoka kwa msemaji, ni taa pana. Irudishe hadi mita 4, kwake yeye imekuwa taa ndogo: kivuli cha pua kinakuwa kikali, na mwanga unaomfikia ni takriban sehemu moja ya kumi na sita ya ule wa mwanzo. Wengi hufidia umbali huo kwa wati, ilhali stendi ilihitaji kusogezwa tu.

Wapo watakaosema kwamba bila nguvu huwezi kushindana na jua la saa sita mchana hapa karibu na ikweta, wala kupenyeza mwanga kwenye kitambaa kizito. Wako sahihi. LED pia imeokoa umeme: paneli ya wati 400 inaweza kufanya kazi iliyohitaji taa ya zamani ya wati 2,000, yaani yuniti 0.4 kwa saa badala ya 2. Anayenunua tokeni anaijua tofauti hiyo. Lakini hoja hizo ni za nje na za bili. Hazihusu uso wa mtu aliyeketi ndani ya chumba.

Wenye studio, kabla ya kununua paneli ya pili, nunueni shuka jeupe la kusambazia mwanga, mtengeni msemaji na ukuta, na ulizeni kipimo cha CRI cha taa, yaani jinsi inavyoonyesha rangi kwa uaminifu, kabla ya kuuliza wati zake. Wateja wetu wanastahili kuonekana walivyo.