Jino la pembe limepata mpinzani, lakini Kagio itaumudu mzigo wake?

WAHENGA walinena kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Walikusudia kutufunza kuwa kitu cha kubandika hakiwezi kushika mahali pa kile cha asili, hata kikichongwa kwa ustadi wa namna gani. Kwa miaka mingi methali hiyo ilikuwa kweli hata kwa maana yake ya juu juu: aliyeng'olewa jino aliishi na pengo, au alivaa meno bandia yaliyocheza kinywani kila alipotafuna.

Siku hizi methali hiyo inatiwa majaribuni na kipandikizi cha jino. Hiki ni kijiti mfano wa skrubu, kilichotengenezwa kwa madini ya titani, ambacho daktari wa meno hukipachika ndani ya mfupa wa taya kichukue nafasi ya mzizi uliopotea. Kikishashikamana na mfupa, hufungiwa jino la kutengenezwa juu yake.

Kwa mkazi wa Kagio, mji wa soko katika Kaunti ya Kirinyaga unaosifika kwa nyanya, vitunguu na ndizi, teknolojia hii si ngeni tena masikioni. Lililo muhimu kuuliza ni nani anayeweza kuimudu, na ni kwa nini watu wengi hufikia hatua ya kuihitaji.

Chimbuko la tiba hii ni Uswidi. Mnamo 1952, mtafiti Per-Ingvar Brånemark alipachika vifaa vya titani katika mifupa ya sungura ili kuchunguza mzunguko wa damu. Alipotaka kuvitoa aligundua kuwa vilikuwa vimegandamana na mfupa. Mwaka wa 1965 alimtibu kwa njia hiyo mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, aliyekuwa na kasoro ya taya. Larsson alifariki 2006, vipandikizi vyake vikiwa bado vinafanya kazi. Hata hivyo, iliwachukua wataalamu hadi mkutano wa Toronto wa 1982 kuikubali tiba hiyo kwa mapana.

Ubora wake hauna shaka. Meno bandia ya kuvaa na kuvua hukalia ufizi tu, nao mfupa ulio chini huendelea kusinyaa kwa kukosa kazi. Daraja nalo humlazimu daktari kuyachonga meno mazima yaliyo kando ya pengo. Kipandikizi hakiyagusi meno jirani, na husaidia kuuhifadhi mfupa. Mzee aliyekuwa ameiaga githeri na kubaki na mukimo anaweza tena kutafuna mahindi na maharagwe.

Lakini gharama ni mlima. Si ajabu kipandikizi kimoja pamoja na jino lake kuzidi Sh100,000 katika kliniki za kibinafsi. Mtu aliyepoteza meno manne anazungumzia fedha zinazoweza kununua kipande cha shamba mahali pengine. Isitoshe, tiba hii haimalizwi kwa siku moja. Kwa kawaida mfupa huhitaji miezi mitatu hadi sita kukishika kipandikizi kabla ya jino kufungwa. Mwuza nyanya anayelazimika kusafiri hadi Nairobi, zaidi ya kilomita 100, hupoteza nauli na siku ya soko kila anapoitwa na daktari.

Je, bima ya umma itamwokoa? Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, hutoza asilimia 2.75 ya mapato, na mchango haupungui Sh300 kwa mwezi. Itakuwa ndoto ya mchana kutarajia mfuko wa aina hiyo umlipie kila mwanachama vipandikizi. Hata Uingereza, yenye huduma ya afya ya umma tangu 1948, huvilipia katika hali maalumu tu, kwa mfano mgonjwa aliyeharibiwa uso na saratani ya kinywa au ajali.

Kwa hivyo, mjadala wenye manufaa kwa Kagio unapaswa kuanzia kabla ya pengo kutokea. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria mnamo 2022 kwamba magonjwa ya kinywa huwasumbua watu karibu bilioni 3.5 ulimwenguni, na kwamba asilimia 23 ya waliotimu miaka 60 na zaidi hawana jino hata moja. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa nchini Kenya 2015 ulionyesha kuwa takriban watu wazima wote walikuwa na fizi zinazotoa damu. Ufizi unaotoa damu na kupuuzwa ndio mwanzo wa jino kulegea.

Aghalabu mgonjwa hungoja hadi maumivu yamnyime usingizi. Hapo jino ambalo lingezibwa kwa gharama ndogo huwa limeoza hadi kwenye mzizi, na kuling'oa ndiyo njia ya haraka na rahisi. Mfupa huanza kupungua katika miezi ya kwanza baada ya hapo. Anayesubiri miaka kumi akikusanya fedha anaweza kuambiwa kuwa taya limekuwa jembamba mno, na kwamba lazima aongezewe mfupa kwanza. Pengo, kwa maneno mengine, lina riba yake.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachowezekana, na ikakabidhi hospitali za kaunti kwa serikali za magatuzi. Kipimo cha haki hiyo kwa upande wa meno kisiwe mashine ya vipandikizi inayozinduliwa kwa mbwembwe. Kiwe je, mkazi wa Kagio anaweza kuzibwa jino, kutibiwa mzizi na kutengenezewa meno bandia yanayomtosha, karibu na nyumbani na kwa bei anayoimudu?

Kwa wale walio na uwezo, tahadhari ni muhimu. Mvutaji sigara na mgonjwa wa kisukari kisichodhibitiwa wamo katika hatari kubwa zaidi ya kipandikizi kukataa kushika. Kipandikizi chenyewe hakiozi, lakini ufizi unaokizunguka unaweza kushambuliwa na maradhi usiposafishwa. Mgonjwa ahakikishe daktari amesajiliwa na baraza la madaktari na madaktari wa meno, KMPDC, apigwe picha ya taya kabla ya kupasuliwa, na aelezwe gharama yote, pamoja na ni nani atakayemhudumia kifaa kikilegea. Anayepunguziwa bei kwa kurukiwa hatua hizo huenda akalipa mara mbili.

Wala asidharauliwe anayechagua meno bandia ya kawaida. Yakipimwa vyema humrejeshea mtu chakula, matamshi na tabasamu lake.

Kipandikizi kimeishinda methali ya wahenga katika chumba cha daktari. Nje ya chumba hicho, dawa ya pengo ingali ni jino lako mwenyewe, likitunzwa mapema.