Karte-mere: tupime kwanza, tulipe nyuma

Shimo likitoa vizuri, baba wa Luhwindja anashuka Bukavu, na siku hizi kuko wenye kurudi na ordinatere ikiwa vipande mu karto. Bana wataifunga wenyewe nyumbani. Tunapenda hilo. Lakini feza nyingi zinapotea mahali pamoja: kwenye karte-mere, lile bamba kubwa lenye kubeba prosesa, memori na vingine vyote.

Muuzaji akiona buti ya matope, anatoa ile yenye taa za rangi: «Hii njo ya nguvu!» Sisi tunasema hapana. Mutoto wa sekonderi mwenye kuandika kazi zake na kufuata masomo hana haja ya taa. Achukue ndogo, hata ya okazioni.

Kitu cha kuangalia sana ni soketi, pale prosesa inapokaa. LGA 1155 ya Intel, ya 2011, bei yake ni ndogo, lakini inapokea vizazi viwili tu, na memori yake ni DDR3, yenye haiingii pa DDR4. Kama mufuko unaruhusu, sisi tunachagua AM4 ya AMD: leo munaweka prosesa ndogo, dhahabu ikitoka tena munaweka kubwa pale pale, hata kama mara ingine inaomba BIOS mpya kwanza. Tena muombe prosesa yenye G mwishoni, sawa 2200G ao 3200G. Bila G, mutanunua na karte grafike juu yake.

(Ndiyo, iko na dhahabu kwenye miguu ya chuma. Ni utando tu, musinunue juu ya ile.)

Hakuna muchimbaji anauza dhahabu bila kukazia mizani macho. Basi kwa nini karte-mere tunailipa ikiwa ingali mu sashe? Mufungue. Muangalie kama sindano (za soketi pa LGA, za prosesa pa AM4) hazikupinda, kama vikopo vya kondensateri havikuvimba. Iwashwe mbele yenu mpaka picha itokee.

Feza yenye kubakia iende kwa alimantasio nzuri na stabilizateri, juu umeme wa grupe unaruka, na karte ya bei kali inaungua sawa na ya bei ndogo.

Muuzaji akikataa kuwasha, mutoke. Kadutu haina duka moja.