Ulimi wa Mtandaoni Tusiuachie Mashine

Matusi ya nguoni yamezagaa mitandaoni hadi yanasomwa na watoto wa shule za msingi, na dawa inayopigiwa debe ni chujio: programu inayopewa orodha ya maneno machafu ili iyafute kila inapoyakuta. Nia ni njema. Lakini chujio husoma herufi tu. Halijui nani anaambiwa, wala anaambiwa kwa shari au kwa mzaha. Mwaka 1996 kampuni ya AOL iliwazuia wakazi wa Scunthorpe, Uingereza, kufungua akaunti kwa sababu ndani ya jina la mji wao mlikuwa na herufi za tusi. Yaliyowapata wao yanaweza kutupata sisi wa Mwanza, maana tunayo Nyegezi. Herufi 5 za mwanzo za jina hilo kila mtu mzima anajua zinasomekaje zikikaa peke yake. Chujio la kizembe litamfungia abiria anayeuliza basi la Nyegezi linaondoka saa ngapi.

Jina hilohilo lilishazua kesi ya kweli. Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lilifungia wimbo “Mwanza” wa Rayvanny na Diamond Platnumz, unaolichezea jina hilo, na Desemba, baada ya wasanii hao kuuimba jukwaani hapa Mwanza, likawafungia wao wenyewe. Mtu anaweza kuona adhabu ile ilikuwa kali mno. Lakini angalau waliohukumu walikuwa na masikio: walisikia jina safi la mtaa likiimbwa kwa maana nyingine. Mashine ingeliachia kila mahali au ingelifuta kila mahali.

Ubaya mkubwa zaidi uko kwenye maneno ambayo hayatawekwa kwenye orodha yoyote. Huku Kanda ya Ziwa tumezika bibi zetu kwa sababu ya neno “mchawi”. Mwanamke amepika miaka yote kwa kuni na samadi, moshi umemfanya macho kuwa mekundu, na macho hayo yanageuzwa ushahidi. Akishanyooshewa kidole, mapanga hayako mbali. Neno hilo limo kwenye hadithi za watoto na mahubiri ya Jumapili, hakuna chujio litakalolizuia. Vivyo hivyo “zeruzeru”, lililokuwa la kawaida midomoni hata magazetini, mpaka mauaji ya watu wenye ualbino yakatufumbua macho tukaona limebeba dharau kiasi gani. Huku neno la nguoni ambalo vijana wanasalimiana nalo bila kinyongo likifutwa, neno la kuangamiza linapita. Chujio la namna hiyo ni kokoro: linakomba vifaranga vya samaki pwani, sangara mkubwa yuko kilindini hajaguswa.

Wapo watakaosema Wasukuma tumezoea kutaniana, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vinapigana vijembe vikali kwenye mashindano ya ngoma na hakuna anayeshtakiwa. Ni kweli, ila pale uwanjani mwimbaji anamwona anayemwimba, naye zamu yake ya kujibu inakuja, mbele ya umati unaojua mipaka. Ujumbe uliosambazwa usiku kwa watu mia tatu hauna zamu ya kujibu. Wengine watasema sheria ipo. Ipo: kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Lakini polisi huja tusi likishafika, na si kila kauli ya ovyo inafaa kumpeleka kijana mahabusu. Na kwa watoto? Hapo chujio na litumike, mradi awepo mtu wa kulisahihisha linapokosea.

Kwa hiyo nawasihi viongozi wa makundi ya simu, ya ukoo, ya mwalo, ya kwaya, ya waliosoma pamoja: msijifiche nyuma ya programu. Anayemwita mama wa watu mchawi mfuteni ujumbe wake saa hiyohiyo, mpigieni simu, na aombe radhi kwenye kundi lilelile alikomchafua, si faraghani. Wazee waliomo humo wasinyamaze kwa kuogopa kuitwa washamba. Na anayetumiwa ujumbe wa namna hiyo kutoka kundi jingine asiupeleke mbele, hata kama anadai anawaonya wenzake.