Matokeo ya uchaguzi: usiishie kwenye namba ya taifa, soma na ya jimbo lako

Kila baada ya uchaguzi mkuu, swali hili hurudi vijiweni, stendi ya Kiabakari na kwenye simu zinazopigwa redioni: "Tumesikia Rais kapata asilimia ngapi. Sisi huku kwetu tulipiga kura ngapi, na zilikwenda wapi?"

Ni swali zuri. Asilimia inayotangazwa Dar es Salaam au Dodoma ni jumla ya kura kutoka maelfu ya vituo. Ndani yake kimo kituo ulichopigia kura wewe, shuleni au kwenye ofisi ya kijiji. Ukisikia jumla peke yake, hujui kituo chako kilisema nini. Katika makala haya tunaeleza jinsi kura inavyosafiri kutoka kijijini hadi taifani, historia ya mkoa wetu wa Mara inatufundisha nini, na unavyoweza kusoma namba bila kudanganywa nazo.

Kura yako inasafirije?

Siku ya uchaguzi vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni. Aliyekuwa tayari kwenye mstari muda huo huruhusiwa kupiga kura. Baada ya hapo kura huhesabiwa palepale kituoni, mbele ya mawakala wa vyama. Msimamizi wa kituo hujaza fomu za matokeo, moja ya urais, moja ya ubunge na moja ya udiwani. Mawakala husaini na kupewa nakala, na matokeo hubandikwa kituoni ili watu wayaone.

Kutoka hapo njia zinagawanyika. Kura za udiwani hujumlishwa kwenye kata, na mshindi hutangazwa hukohuko. Kura za ubunge hujumlishwa jimboni, na msimamizi wa uchaguzi wa jimbo ndiye anayemtangaza mbunge. Kura za urais nazo hujumlishwa jimboni, kisha hupelekwa Tume ya Uchaguzi, ambayo hukusanya za majimbo yote na kumtangaza Rais.

Kwa hiyo karatasi iliyobandikwa kituoni ndiyo mzizi wa yote. Namba ya jimbo ikitofautiana na jumla ya karatasi za vituo, kuna mahali hesabu imekosewa au imeguswa. Bila karatasi hizo, hakuna wa kuthibitisha chochote.

Mara haijawahi kuwa na rangi moja

Wengi huiangalia Mara kama nyumbani kwa Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa na kuzikwa Butiama, wakadhani kura zake zinajulikana kabla hazijapigwa. Matokeo ya majimbo hayasemi hivyo.

Chukua Bunda. Mwaka 1995, katika uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urudishwe, Benjamin Mkapa wa CCM alishinda urais. Lakini Bunda, Jaji Joseph Warioba wa CCM, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, alishindwa na Stephen Wasira aliyegombea kwa NCCR-Mageuzi. Warioba alikwenda mahakamani na matokeo hayo yakabatilishwa.

Miaka 20 baadaye gurudumu liligeuka. Mwaka 2015 Wasira alikuwa amerudi CCM siku nyingi, tena akiwa waziri. Katika jimbo jipya la Bunda Mjini alishindwa na Ester Bulaya wa CHADEMA, kwa kura 19,126 dhidi ya 28,568. Wapiga kura wanne walifungua kesi kupinga ushindi huo. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimthibitisha Bulaya kuwa mbunge halali.

Tuangalie mkoa mzima. Mwaka 2010 Mara ilikuwa na majimbo saba, na upinzani ulipata moja tu: Musoma Mjini, alikoshinda Vincent Nyerere wa CHADEMA. Mwaka 2015 majimbo yalikuwa 10, na CHADEMA ilichukua manne: Bunda Mjini, Serengeti, Tarime Mjini na Tarime Vijijini. CCM ilibaki na sita, ikiwemo Butiama kwa Nimrod Mkono na Musoma Vijijini kwa Profesa Sospeter Muhongo. Mwaka 2020 majimbo yote 10 yalikwenda CCM.

Sasa tazama Musoma Mjini. Mwaka 2015, upepo wa upinzani ulipovuma kuliko wakati wowote nchini na Edward Lowassa akapata karibu asilimia 40 ya kura za urais, Musoma Mjini ilikwenda kinyume. Vedastus Mathayo wa CCM alilirudisha jimbo lililokuwa mikononi mwa CHADEMA. Mwaka huohuo, mkoa huohuo, Bunda Mjini ilitoka CCM kwenda CHADEMA. Mji mmoja uliingia pale mwingine ulipotoka.

Namba ya taifa haiwezi kukueleza hilo. Watu wa jimbo hupima mbunge waliyemwona, ahadi waliyoahidiwa na barabara wanayopita.

Tahadhari: mipaka hubadilika

Hapa wachambuzi wengi huteleza. Utasikia mtu akisema, "Wasira alishinda Bunda 2010, akashindwa 2015, kwa hiyo watu walewale walimgeuka." Si sahihi kabisa. Bunda ya 2010 ilikuwa na mji na vijiji pamoja. Kabla ya uchaguzi wa 2015 jimbo liligawanywa, mji ukawa Bunda Mjini, na vijiji vikabaki jimbo la Bunda, ambalo mwaka huo lilichukuliwa na CCM kupitia Boniphace Getere. Waliopiga kura Bunda Mjini 2015 walikuwa sehemu tu ya waliopiga kura Bunda 2010.

Kwetu Butiama ni hivyohivyo. Kabla ya 2015 tulihesabiwa ndani ya Musoma Vijijini. Anayelinganisha matokeo ya Musoma Vijijini ya 2010 na ya 2015 analinganisha gunia na debe. Kabla ya kusema chama kimepanda au kimeshuka, uliza kwanza: je, ni eneo lilelile?

Asilimia ya nini?

Asilimia ni kama debe. Kabla ya kuamini kipimo, tazama kimejazwa nini.

Tuseme kituo kina watu 400 kwenye daftari. Waliokuja ni 200. Kura 10 zimeharibika. Mgombea wa kwanza amepata 120, wa pili 70. Ukihesabu kura halali tu, wa kwanza amepata asilimia 63. Lakini kati ya watu wote 400 walioandikishwa, waliomchagua ni asilimia 30. Namba zote mbili ni za kweli. Ya kwanza inasema nani ameshinda. Ya pili inasema ushindi huo umebeba watu wangapi.

Sasa weka hesabu hiyo kwenye taifa. Mwaka 2015 walioandikishwa walikuwa kama milioni 23.2, na waliopiga kura kama milioni 15.6. Dkt. John Magufuli alipata kura 8,882,935, sawa na asilimia 58. Mwaka 2020 daftari lilikuwa limeongezeka kwa zaidi ya watu milioni sita na nusu, hadi milioni 29.7. Lakini waliopiga kura walipungua hadi kama milioni 15.1. Dkt. Magufuli alitangazwa mshindi kwa kura 12,516,252, asilimia 84.

Aliyesikia asilimia pekee alidhani watu walifurika vituoni. Ukweli ni kwamba nusu ya walioandikishwa hawakupiga kura. Ukipima kwa daftari zima, mshindi alipata kura za watu kama 38 kati ya kila 100 mwaka 2015, na kama 42 mwaka 2020. Kuna tofauti, lakini si kubwa kama ile ya 58 na 84.

Vipi kuhusu 2025?

Uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 uliendeshwa chini ya sheria mpya za mwaka 2024 na tume yenye jina jipya, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Ilitangaza kuwa Rais Samia Suluhu Hassan amepata kura 31,913,866, karibu asilimia 98, na kwamba watu 87 kati ya kila 100 walioandikishwa walipiga kura.

Msomaji wa matokeo anapaswa kukumbuka mambo mawili. La kwanza, CHADEMA haikuwemo kwenye karatasi ya kura. Tume ilisema chama hicho hakikusaini maadili ya uchaguzi, na mwenyekiti wake Tundu Lissu alikuwa mahabusu akikabiliwa na kesi ya uhaini. Mgombea wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, naye alienguliwa. Ukilinganisha asilimia za 2025 na za 2015, wakati wapinzani wakubwa walikuwa kwenye karatasi, hulinganishi vitu vya aina moja.

La pili ni wingi wa kura. Kutoka milioni 15.1 mwaka 2020, kura zilizotangazwa zilipanda hadi zaidi ya milioni 32.6. Zimezidi mara mbili ndani ya miaka mitano, wakati daftari liliongezeka kwa karibu watu milioni nane. Vituo vilikuwa karibu 100,000. Ukigawa, ni wastani wa kura kama 327 kwa kila kituo. Aliyesimama kwenye mstari siku ile anajua alichokiona kituoni kwake, lakini kituo kimoja si nchi. Namba kubwa kama hiyo huthibitishwa au kukanushwa kwa kuonyesha matokeo ya kituo kimoja kimoja.

Waangalizi wa Umoja wa Afrika na wa SADC walisema uchaguzi huo haukufikia viwango vya kidemokrasia. Kulikuwa na maandamano, intaneti ilizimwa, na watu walipoteza maisha. Serikali iliunda tume ya kuchunguza yaliyotokea. Familia zilizofiwa zinahitaji majibu kuliko asilimia yoyote.

Kura ya aliyeshindwa huenda wapi?

Wapo wanaosema, "Mgombea wangu hawezi kushinda huku, nitapoteza muda bure." Tuwe makini na hilo. Kwa mfumo wetu, mbunge hahitaji nusu ya kura. Anayeongoza ndiye mshindi. Watatu wakigawana 40, 35 na 25 kati ya kila kura 100, mwenye 40 anakwenda Bungeni ingawa 60 hawakumchagua. Tangu mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000, Rais naye hupatikana kwa utaratibu huohuo.

Lakini kura za walioshindwa hazitupwi zote. Viti maalum vya wanawake bungeni hugawanywa kwa vyama kulingana na kura za ubunge nchi nzima, kwa chama kilichofikisha angalau asilimia tano. Kura ya Kiabakari kwa mgombea aliyeshindwa Butiama inaweza kusaidia kumpeleka mwanamke wa chama hicho Bungeni. Pia ruzuku ya vyama hutazama kura na viti.

Tena kuna diwani. Yeye ndiye anayeketi kwenye baraza la halmashauri, linapojadiliwa suala la zahanati, madarasa na visima. Kura chache tu za kata moja zinaweza kuamua nani atakisemea kijiji chako. Na chini ya sheria ya 2024, mgombea akibaki peke yake hapiti bila kupingwa kama zamani. Anapigiwa kura ya ndiyo au hapana.

Ukiona hesabu haikai sawa

Matokeo ya ubunge yanaweza kupingwa Mahakama Kuu ndani ya siku 30 tangu kutangazwa. Kama tulivyoona Bunda Mjini, si mgombea tu anayeweza kwenda. Mpiga kura wa kawaida naye anaweza. Tatizo ni gharama, kwani sheria hudai dhamana ya hadi shilingi milioni tano kwa kila anayeshtakiwa, ingawa mahakama inaweza kuipunguza.

Matokeo ya urais hayapingwi mahakamani. Ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kuwa zuio hilo linakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Kwa urais, basi, ulinzi pekee wa kura ni ule wa mapema: wakala aliye macho, fomu iliyosainiwa, na karatasi iliyobandikwa ukutani.

Cha kufanya uchaguzi ujao

Hayo yote hayahitaji shahada. Matokeo yakibandikwa, yasome siku ileile kabla mvua au upepo haujayachukua. Andika kwenye daftari mambo matano: walioandikishwa, waliopiga kura, kura zilizoharibika, kura za kila mgombea, na jina la kituo. Weka daftari hilo mahali pazuri, kama unavyoweka risiti ya pamba. Ukisikia jumla ya kata na ya jimbo, utakuwa na cha kulinganisha.

Na mtu akikuambia "asilimia", muulize maswali mawili: asilimia ya nini, na ya watu wa eneo gani? Asipoweza kujibu, hana matokeo bado.