Ujumbe wa deni la mwenzako ukiingia kwenye simu yako

Mama, huenda umeshapokea ujumbe wa aina hii: jina la jirani au mwenzako wa kikoba, kiasi anachodaiwa, na maneno ya kumwita tapeli. Wewe hukumdhamini. Namba yako ilichukuliwa kwenye simu yake siku alipopakua programu ya mkopo.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni, ikawataka wananchi wasizitumie. Hatua ilihitajika. Lakini kufungia programu hakufuti ujumbe uliokwisha kusambaa, na kausha damu wa mtaani hahitaji hata programu. Tunapopita nyumba kwa nyumba huku Kinondoni, deni hujitokeza kwa sura nyingine: kichwa kisichopona, usingizi umekata, hamu ya kula hakuna, mtoto hajapelekwa kliniki.

Aibu huumiza kuliko deni lenyewe. Mkopeshaji anawatumia marafiki kama fimbo, na ninyi mnaweza kukataa kuwa fimbo. Usiusambaze ujumbe, hata kwa "jamani mmeona haya?" kwenye kundi. Usiufute pia, ni ushahidi: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda mwenzako na wewe. Kisha mfuate nyumbani. "Shoga, wameniandikia na mimi. Sijamwonyesha mtu. Nimekuja kukuona." Inatosha. Hilo la "kwa nini ulikopa?" anajiuliza mwenyewe usiku kucha.

Aliyejifungua karibuni mwangalie zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea ni zaidi ya hapo. Machozi ya siku chache ni ya kawaida. Yakipita wiki mbili, msindikize kituo cha afya, mbebee mtoto.

Akisema "bora nife", au akianza kukabidhi watoto na vitu vyake, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Wengi wanaogopa kwamba swali litampa wazo. Halimpi, mara nyingi linampa nafasi ya kupumua. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu ya panya, mwende hospitali siku hiyohiyo. Kwa wengi wetu huku ni Mwananyamala. Hapo siri haitunzwi: mwambie ndugu anayemwamini.

Na tafadhali, usikope ili umlipie. Nimeona mmoja akizama na wa pili akimfuata. Kaeni mwandike madeni yote kwenye daftari, nani anadai, kiasi gani, lini. Kama kikoba chenu kina mfuko wa jamii, ulizeni kwa mwenyekiti, naye akiridhia jina lake litajwe.